Baiskeli Mpya Iliayo: Jinsi ya Kujua Gia Zina Nini

Habari yetu leo ni ya baiskeli. Wala si baiskeli kuukuu iliyokwisha choka, bali ile mpya kabisa, ambayo bado ina karatasi za dukani juu ya fremu yake, nayo tayari inapiga kelele katika gia.

Jambo hili si dogo. Mtu wa pwani hii hanunui baiskeli kila mwaka. Huingojea fedha ya ufuta au ya korosho, na akiisha kuipata baiskeli yake, ndiyo gari la nyumba nzima: huchukulia madumu ya maji, magunia ya mkaa, tenga la samaki litokalo ufukweni Kivinje, na mgonjwa aendaye zahanati. Hata siku hizi ambapo vijana wa bodaboda wamejaa Nangurukuru na Mingoyo, baiskeli haikutoka, maana haitaki petroli. Basi ikianza kulia katika juma la kwanza, mwenyewe hushikwa na mashaka. Mmoja humwambia, "Umepunjwa, umeuziwa bandia." Wa pili humwambia, "Iache tu, itazoea yenyewe." Na fundi asiye mwaminifu humwambia, "Gia zimekwisha, lete fedha nikutie mpya." Katika maneno hayo matatu, la tatu huleta hasara ya upesi, lakini la pili huleta hasara kubwa kuliko yote, kama nitakavyoeleza.

Kwanza yafaa kujua kwa nini kitu kipya kilie. Baiskeli zitokazo India na China haziji zikiwa nzima. Hufungwa katika maboksi, usukani mbali, pedali mbali, gurudumu la mbele mbali, kisha fundi wa duka huziunganisha. Huenda siku ile alikuwa na baiskeli kumi za kuunganisha na spana moja. Tena, hata akifanya kazi yake vizuri, chuma kipya hakijakaa mahali pake. Vipini hujikalia zaidi katika matundu yao, na waya za gia hujinyosha na kukaa ndani ya mifuko yake. Nati iliyokazwa sawasawa siku ya Jumatatu yaweza kulegea kabla ya Ijumaa ya pili, wala si kwa uovu wa mtu. Kwa hiyo baiskeli mpya yataka kutazamwa zaidi katika mwezi wake wa kwanza kuliko katika mwaka wake wa pili. Watu wengi hufanya kinyume.

Sasa natuutazame mnyororo, ambao wengine huuita cheni, kwa kuwa kelele nyingi zatoka humo. Baiskeli za zamani hazikuwa na mnyororo. Pedali zilikuwa katika gurudumu la mbele lenyewe, nalo lilikuwa kubwa kama mlango. Mwaka 1880 Hans Renold, mtu wa Uswisi aliyefanya kazi Manchester, Uingereza, alibuni mnyororo wenye rola, na mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitengeneza baiskeli iitwayo Rover, ambayo mnyororo wake ulizungusha gurudumu la nyuma. Baiskeli unayoipanda leo kwenda shambani ni mjukuu wa hiyo.

Ukiushika mnyororo na kuutazama karibu, utaona pingili zake zafuatana kama za muwa. Kila pingili ina mabamba mawili, na mabamba hayo yameshikwa na pini. Juu ya pini pana kifuko cha chuma kiitwacho bushi, na juu ya bushi pana rola, ndiyo ikaayo kati ya meno ya gia. Toka pini hata pini ni nusu inchi. Shika hesabu hiyo, maana tutaihitaji. Mahali pa kusuguana ni ndani, kati ya pini na bushi, pasipoonekana. Ndiyo sababu mnyororo waweza kung'aa mafuta kwa nje, na ndani ukawa mkavu unalia kama mlango wa kale.

Kazi ya kutafuta kelele ni ya masikio kwanza, spana baadaye. Pinda baiskeli juu chini, tandiko na usukani vikae juu ya gunia, uzungushe pedali kwa mkono. Kisha igeuze, uipande mahali tambarare pasipo mawe, au mpe kijana aiendeshe polepole nawe ukitembea kando. Zote mbili zatakiwa, kwa kuwa kelele nyingine hazisikiki mpaka kuwe na uzito wa mtu. Ujiulize maswali haya: Je, yalia nikiwa nimepumzisha miguu na baiskeli inakwenda yenyewe? Je, yalia nikikanyaga tu? Je, yalia mara moja kila pedali inapozunguka, au mara nyingi, au kwa nadra?

Ikiwa ni mlio mwororo wa tik-tik-tik wakati umepumzisha miguu, nao hukoma ukianza kukanyaga, usihangaike. Hiyo ndiyo friwili, yaani gia ya nyuma iachiayo gurudumu liende bila pedali. Ndani yake mna vikucha vidogo vyenye springi. Ukikanyaga, vikucha hung'ang'ania meno ya ndani na gurudumu husukumwa; ukipumzika, hurukaruka juu ya meno hayo, ndio mlio uusikiao. Nimewaona watu wakiijaza friwili grisi nzito ili inyamaze. Hunyamaza kweli, lakini vikucha vikinaswa na grisi havishiki tena, na siku moja mtu akanyaga kwa nguvu akipanda kilima, pedali yaenda bure, naye aangukia fremu. Friwili yapenda mafuta mepesi, matone machache tu.

Ikiwa kelele huja mara moja kila mzunguko wa pedali, tatizo liko mbele: katika pedali, mikono yake, gololi za kati, au gia kubwa ya mbele iliyopinda. Ikiwa huja karibu mara tatu kwa kila mzunguko wa pedali, iko nyuma. Maana gia ya mbele yenye meno 48 na ya nyuma yenye meno 18 huzungusha gurudumu mara 2 na theluthi mbili kila pedali inapozunguka mara moja. Na ikiwa huja kwa nadra, kama mtu agongaye mlango na kungoja, hesabu vizuri. Mnyororo wenye pingili 112 juu ya gia ya meno 48 hurudi mahali pake baada ya pedali kuzunguka mara 2 na theluthi moja. Kelele ikifuata hesabu hiyo, ujue pingili moja ya mnyororo imekaza, haikunjiki. Uzungushe pedali kinyume polepole ukitazama mnyororo unapopita gia ya nyuma, nawe utaiona pingili hiyo ikiruka. Ishike kwa vidole vya mikono miwili, uipinde kidogo kushoto na kulia, utie tone la mafuta. Mara nyingi hulegea papo hapo. Mwanafunzi ajuaye kugawanya 112 kwa 48 aweza kumwokolea baba yake bei ya mnyororo mzima.

Kabla sijaendelea, niwaonye juu ya kelele idanganyayo. Fremu ya baiskeli ni bomba la chuma, na bomba huchukua sauti kama simu. Yaweza kulia tandiko nawe ukasema ni gia. Yaweza kulia keria au madigadi. Simama juu ya pedali bila kukaa, ukanyage. Kelele ikikoma, si gia. Kaza nati ya tandiko. Ondoa mzigo kwenye keria, usikilize tena. Kelele nyingi ziitwazo za gia huishia hapa, na fundi hana haki ya kutoza chochote.

Twende kwenye mikono ya pedali, kwa kuwa hapa pana hatari ya kuumia. Baiskeli nyingi nzito zipendwazo na wachukuzi wetu hushika mkono wa pedali kwa kipini cha chuma kilicho bapa upande mmoja, ambacho mafundi hukiita kotapini. Kikilegea, utasikia "ko" mguu unapofika chini, na "ko" tena unapopanda. Weka mikono yote miwili sawa na ardhi, mmoja mbele na mmoja nyuma, uibonyeze pamoja kwa viganja. Kisha izungushe nusu, ubonyeze tena. Mkono mmoja ukicheza kidogo na mwingine usipocheze, kipini cha huo kimelegea. Kukaza nati peke yake hakufai, maana nati ni nyembamba, huvunjika. Weka kipande cha mti mgumu au chuma chini ya mkono wa pedali ili kuchukua pigo, ukigonge kipini kwa nyundo mara mbili tatu, ndipo ukaze nati. Usipoweka kitu chini, pigo lote huangukia gololi za kati, ukaponya kimoja na kuua kingine. Fanya hivi tena baada ya siku chache, kwa kuwa kipini kipya hujikalia polepole. Mtu aendeshaye juma zima juu ya kipini kilicholegea hukila kipini hicho hata kikatike, na huwa chakatika wakati ule wa kukanyaga kwa nguvu zote, yaani kilimani na mzigo nyuma.

Baiskeli nyingine hazina kotapini. Mkono wa pedali umepachikwa juu ya chuma cha pembe nne na kushikwa kwa bolti. Hizi ni nyepesi, lakini ukiendesha na bolti imelegea, tundu la mraba hulika likawa duara, na hapo hakuna fundi wa kulirudisha. Utanunua mkono mpya.

Na pedali zenyewe? Pedali ya kulia hukazwa kwa kufuata mwendo wa saa, kama nati nyingine. Pedali ya kushoto hukazwa kinyume cha saa, wala si kosa la kiwanda. Imefanywa hivyo ili mwendo wa mguu usiifungue. Mwisho wa chuma chake mara nyingi huandikwa herufi R kwa kulia na L kwa kushoto. Fundi mwenye haraka akibadilisha na kulazimisha kwa nguvu, meno ya tundu hukatika. Pedali hulia siku kadhaa, kisha hung'oka. Ukiona pedali ya baiskeli uliyonunua jana imesimama upande, haikuingia wima, irudishe dukani leo, si kesho, wala usikubali kuambiwa itanyoka.

Sasa kukaza kwa mnyororo. Katika baiskeli ya gia moja, shika mnyororo wa chini katikati, uupandishe na kuushusha. Ucheze kama nusu inchi. Ukilegea zaidi hupiga kava na kuruka meno. Ukikaza zaidi huunguruma, gololi huumia, nawe wachoka bure ukidhani ni umri. Jaribu mahali pengi huku ukizungusha pedali, kwa sababu gia ya mbele huwa si duara kamili, na nusu inchi hiyo ipimwe pale palipokaza sana. Kurekebisha, legeza nati mbili za gurudumu la nyuma, ulivute au ulisogeze mbele, uangalie tairi ikae katikati ya fremu, kisha kaza. Gurudumu likikaa upande, mnyororo huingia menoni kwa pembeni na kukwaruza, hata kama umekazwa vizuri.

Baiskeli zenye gia nyingi zina mambo yake. Wauzaji husema "gia 18" au "gia 21", maana yake ni magurudumu 3 ya meno mbele na 6 au 7 nyuma. Nyuma huning'inia kipande chenye vigurudumu viwili vidogo vya meno. Kwa kuwa ndicho kihamishacho mnyororo, hapa nitakiita kihamishi. Chavutwa na waya utokao kwenye usukani. Katika baiskeli mpya waya huu hulegea kidogo katika majuma ya kwanza, na kihamishi hakifiki tena mahali pake barabara. Mnyororo husimama kati ya gia mbili, unakwaruza ya pili yake: krr, krr, krr. Watu husema gia mbovu. Gia haina kosa. Waya ndio uliolegea.

Ili kurekebisha, funga kamba kwenye tandiko, uitundike baiskeli katika tawi la mwembe ili gurudumu la nyuma lizunguke hewani. Zungusha pedali, upeleke mnyororo kwenye gia ndogo kabisa ya nyuma. Bonyeza gia moja ya kupanda. Mnyororo ukisita kupanda, tafuta kile kipipa kidogo cha kuzungushwa kwa vidole, pale waya unapoingia kihamishi. Ukisimama nyuma ya baiskeli, kizungushe kinyume cha saa nusu mzunguko, ujaribu tena. Hivyo waya hukazwa. Ukiona mnyororo wapanda upesi lakini unakwaruza gia kubwa iliyo kando yake, au wakataa kushuka, umekaza mno. Rudisha robo mzunguko. Usifanye pupa. Kazi hii ni ya robo na nusu, na ukizungusha mara tano bila kutazama utapotea njia, usijue ulikotoka.

Karibu na hapo mna skrubu mbili ndogo, ambazo mara nyingi zimeandikwa H na L. Hizi si za kuondoa kelele, ni mipaka. Ile ya L huzuia mnyororo usiipite gia kubwa na kuangukia ndani ya spoki. Mnyororo ukiingia spoki wakati baiskeli yaenda, gurudumu husimama ghafula, spoki hukatika, na mpandaji hutupwa. Kwa hiyo kabla ya kuiondoa baiskeli mpya dukani, itundike au uiinue, uzungushe pedali, uipeleke gia kubwa kabisa ya nyuma, uone kama mnyororo wabaki juu yake bila kutaka kuvuka. Ukitaka kuvuka, skrubu ya L ikazwe kidogo. Mwombe mwenye duka afanye mbele ya macho yako.

Tena simama nyuma ya baiskeli, uinamishe kichwa, utazame vile vigurudumu viwili vya kihamishi. Vyapaswa kusimama wima, kimoja chini ya kingine, na juu yao gia. Kama vimeinama kuelekea spoki, chuma kinachovishika kimepinda, na hakuna kuzungusha kipipa kutakakofaa mpaka kinyoshwe. Ubaya huu hupatikana sana njiani, kabla baiskeli haijafika kwako: imelazwa juu ya basi kutoka Dar es Salaam, au ndani ya jahazi chini ya magunia. Ukiisafirisha, ilaze upande wa kushoto, mnyororo uwe juu.

Neno moja zaidi kwa wenye gia nyingi: usitumie gia kubwa ya mbele pamoja na kubwa ya nyuma, wala ndogo ya mbele pamoja na ndogo ya nyuma. Mnyororo huenda mshazari, ukakwaruza na kulika. Hapo kelele ni kilio cha haki.

Ziko pia baiskeli zenye gia tatu zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu. Kiwanda cha Sturmey-Archer cha Nottingham kilitoa gia tatu za namna hiyo mwaka 1902, na ile iitwayo AW, ya mwaka 1936, ilijulikana sana. Mlio wa tik-tik katika gia ya pili na ya tatu ya AW ni tabia yake. Kisicho cha kawaida ni kukosa gia, yaani pedali kwenda bure kati ya ya pili na ya tatu. Hapo waya haukupimwa sawa, na usisimame juu ya pedali mpaka upimwe.

Nimefika kwenye adui mkubwa wa pwani yetu, naye ni wawili: mchanga na chumvi. Mnyororo mpya hutoka kiwandani na mafuta mazito ya kuulinda na kutu safarini, na mafuta hayo hushika mchanga kama urimbo ushikavyo ndege. Katika juma moja la kupita ufukweni, mnyororo huwa umepakwa msasa. Utasikia sauti ya kusaga, si ya kulia. Kwa hiyo pangusa mafuta ya nje ya mnyororo mpya kwa kitambaa kikavu kabla hujaupeleka mchangani.

Chumvi hufanya kazi kwa njia nyingine. Huvuta unyevu wa hewa, na usiku, hata bila mvua, chuma chenye chumvi hulowa na kushika kutu. Wafanyao kazi kwenye mashamba ya chumvi wajua hayo, na wachuuzi wa samaki zaidi. Maana tenga lililo juu ya keria hudondosha maji ya chumvi, nayo huangukia wapi? Juu ya friwili na mnyororo. Watu huosha mnyororo huo kwa mafuta ya taa, wakashangaa kutu kurudi baada ya siku mbili. Sababu ni kwamba mafuta ya taa huyeyusha grisi lakini hayayeyushi chumvi. Chumvi huyeyushwa na maji matamu. Basi osha kwanza kwa maji ya kisima yasiyo ya chumvi, ukaushe kwa kitambaa na jua, ndipo usugue kwa mafuta ya taa na brashi, uache yakauke kabisa, kisha utie mafuta: tone moja kwa kila pingili, upande wa ndani wa mnyororo, huku ukizungusha pedali. Ngoja kidogo yaingie, upanguse yote yaliyobaki nje. Mafuta ya nje hayana kazi ila kukusanya mchanga. Na chini ya tenga tandika kipande cha turubai kipitishe maji pembeni, mbali na gia.

Mafuta gani? Mafuta mapya ya injini ya pikipiki, yauzwayo kila mahali siku hizi, yafaa sana. Ya cherehani yafaa kwa friwili, ila kwenye mnyororo hutoka upesi na mvua za masika. Mafuta yaliyomwagwa kutoka injini, meusi, yamejaa vumbi la chuma. Ni ya bure, na ubure wake huulipa baadaye. Mafuta ya ufuta yaache jikoni. Yakikaa hukauka na kunata, pingili zikakaza. Ya nazi yaliyochacha hula chuma, na usiku wa baridi wa kipupwe huganda.

Nilisema kwamba kuacha kelele izoee yenyewe ni hasara kubwa kuliko zote. Sasa nalipa deni la maelezo. Mnyororo mkavu au wenye mchanga hulika katika kila pini. Watu husema umerefuka. Haukuvutika kama mpira, bali kila kiungo kimepoteza chembe. Chukua rula ya shule yenye inchi 12. Pima toka katikati ya pini moja hata katikati ya pini ya pingili 24: katika mnyororo mpya ni inchi 12 kamili. Ukiona imezidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, kila kiungo kimepoteza kiasi cha unene wa unywele tu, lakini mnyororo umekwisha; ubadilishe. Ukingoja hata izidi sehemu moja ya nane, mnyororo uliorefuka utakuwa umekwisha yala meno ya gia, nayo yatakuwa yamelala kama pezi la papa. Hapo ukitia mnyororo mpya utaruka juu ya meno ya zamani, na itakubidi kununua gia za mbele na nyuma pia. Mnyororo ndio wa bei ndogo katika vitu hivyo vitatu. Pima siku ya kununua, uandike katika daftari, upime tena kila mwezi. Kazi hii mpe mtoto aliye darasani, ataipenda.

Mwisho, ukiufungua mnyororo wa gia moja kwa kuusafisha, utakuta pingili moja yenye kibanio cha springi, chenye upande mmoja uliofunga na upande mmoja wenye mwanya. Ukikirudisha, upande uliofunga uelekee kule mnyororo unakokwenda, mwanya uwe nyuma. Kikitiwa kinyume, kijiti au jani la ukoka likikigusa laweza kukichomoa, na mnyororo ukaanguka njiani.